ClassDojo: alama za pongezi darasani

Tangu Kenya ilipopiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, walimu wengi tumekuwa tukitafuta namna ya kutuliza darasa bila vitisho, na programu hii ya bure kwa walimu, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011, naithamini sana. Mwalimu huchagua mwenyewe tabia za kupongeza, kama kumsaidia mwenzake au kusubiri zamu, kisha humpa mwanafunzi alama papo hapo kwa simu, na hivyo hata mtoto mkimya hutambuliwa kwa juhudi zake. Sipendekezi kabisa kuwapunguzia watoto alama mbele ya wenzao, kwa kuwa aibu huwavunja moyo. Katika darasa kubwa, ni afadhali kuyapa alama makundi, huku mwalimu akitaja waziwazi walichofanya vyema.