Rada ya setilaiti au vipima joto vya kufukia?

Kwa wanaofuatilia yale malundo ya mawe yenye barafu ndani yanayotambaa taratibu mlimani, mfano kule Alps, njia mbili kati ya zinazotumika ni hizi. Rada ya Sentinel-1 (setilaiti za Ulaya) ipo tangu 2014, data bure, inanasa hata mwendo wa sentimita chache kwenye eneo kubwa, ila mteremko ukielekea kaskazini au kusini inaona kidogo sana, na theluji ikifunika ndo basi tena. Vipima joto vinataka miguu na mgongo (mawe yenyewe hayakanyagiki!), lakini chini ya theluji nene mwishoni mwa majira ya baridi, kikisoma chini ya nyuzi -3 basi kuna uwezekano mkubwa ardhi hapo imeganda mwaka mzima, na hilo rada haikwambii. Mi ningeanza na vipima joto.