Konvata za TP-Link MC220L kati ya rauta na stirima ya muziki: kazi yake halisi na mipaka yake

Seti inayopimwa hapa ni hii: konvata mbili za MC220L (visanduku vinavyogeuza umeme wa kebo ya mtandao kuwa mwanga na kuurudisha), moduli mbili za SFP aina ya TL-SM311LS (vipande vya kuchomeka vinavyotuma na kupokea mwanga), kamba moja ya faiba singo modi, yaani ya kiini chembamba, yenye vichwa vidogo vya LC pande zote mbili, na kebo mbili fupi za UTP, yaani za mtandao za shaba zisizo na ganda la chuma. Konvata moja inakaa kwa rauta, nyingine inakaa kwa stirima (kifaa kinachovuta muziki mtandaoni na kuupeleka kwenye amplifaya), na katikati yao unapita mwanga badala ya umeme. Kwa nyumba yenye antena ya intaneti juu ya paa, au spika zinazovuma kila kebo ya mtandao ikichomekwa, ni ununuzi mzuri sana. Kwa nyumba isiyo na tatizo lolote kati ya hayo, pesa hiyo iende kwenye spika.

Kwanza tuelewane juu ya neno faiba, maana hapa watu wengi hununua kitu kisicho chao. Faiba inayoletwa na kampuni ya intaneti hadi sebuleni ni ya mfumo wa GPON, na kichwa chake huwa cha kijani, SC/APC, kilichokatwa kwa mshazari wa nyuzi 8. Ile inaishia kwenye kifaa cha kampuni na haiwezi kuchomekwa kwenye konvata hizi hata ukipata adapta ya kichwa, kwa sababu lugha ya mwanga wake ni nyingine kabisa. Na ile waya ya mwanga mwekundu kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye amplifaya ni Toslink: plastiki yenye unene wa milimita 1, inabeba sauti yenyewe ya dijitali. Faiba tunayoizungumzia inabeba pakiti za mtandao tu, kama kebo ya kawaida ya rauta.

Hilo la pakiti ndilo linaloamua mengi. Wimbo wa FLAC (faili la muziki lisilopoteza ubora) unasafiri vipande vipande, kila kipande kinakaguliwa, kikiharibika kinaombwa tena, na stirima inavihifadhi kwenye kumbukumbu kabla ya kuvipiga. Saa inayopanga mapigo ya sauti iko ndani ya stirima au DAC (kifaa kinachogeuza dijitali kuwa sauti), haiji na kebo ya mtandao. Kwa hiyo faiba haiongezi taarifa yoyote kwenye wimbo, na wala kasi si sababu ya kuinunua: muziki wa biti 24 na kilohezi 192, stereo, bila kubanwa, unahitaji takriban megabiti 9.2 kwa sekunde. Hata DSD256, muundo mwingine wa muziki wa ubora wa juu, haivuki megabiti 23. Kebo ya shaba ya Cat5e inayabeba haya bila kuhema.

Kinachoweza kupita kwenye shaba pamoja na muziki ni umeme usiotakiwa. Kila tundu la RJ45, yaani tundu la kebo ya mtandao, lina transfoma ndogo ndani inayotenganisha pande mbili, nayo imeundwa kuhimili volti 1500 kwa majaribio ya dakika moja. Ndiyo maana kebo ya UTP yenyewe haileti mvumo wa moja kwa moja. Lakini kelele za masafa ya juu kutoka kwenye adapta za bei nafuu huvuka transfoma hiyo kupitia ukaribu wa nyuzi zake, na ukitumia kebo ya STP yenye ganda la chuma, ganda lile linaunganisha bodi za vifaa viwili na kuunda mzunguko wa ethi, yaani umeme unaozunguka kupitia waya za ardhini. Hapo ndipo unaposikia ule muungurumo wa hezi 50 chini ya muziki. Faiba haina shaba, basi njia hiyo inakatika yote.

Kabla ya kununua fanya jaribio lisilogharimu kitu. Weka wimbo uliopo kwenye flashi iliyochomekwa kwenye stirima, uupige, ongeza sauti hadi uusikie mvumo vizuri wimbo ukiwa umesimamishwa, kisha chomoa kebo ya mtandao. Mvumo ukikatika, faiba ndiyo dawa. Ukiendelea vilevile, faiba haitakusaidia hata kidogo, tafuta kwingine. Mara nyingi mkosaji ni waya wa dishi unaoingia kwenye dekoda iliyounganishwa na amplifaya hiyo hiyo, au soketi mbili zenye ethi tofauti. Jaribio hili la dakika tano limewaokoa watu fedha nyingi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Faida ya pili, na kwa ukanda wetu naiona kubwa kuliko ya kwanza, ni radi. Eneo la Ziwa Victoria, Kisii, magharibi mwa Uganda na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Nyumba nyingi hupata intaneti kwa redio iliyofungwa juu ya paa, na kebo ya shaba yenye PoE (inayobeba pia umeme wa redio) inashuka kutoka kwenye redio hadi rauta, kisha kutoka rauta hadi stirima, kisha DAC, kisha amplifaya. Radi haihitaji kuigonga nyumba. Ikipiga jirani, msukumo wake kwenye kebo ile unatosha kuchoma tundu la mtandao na kila kilichoungwa nyuma yake. Faiba kati ya rauta na stirima inafanya hasara iishie kwenye rauta. Haizuii umeme unaoingia kupitia nyaya za ukuta, kwa hiyo kinga ya soketi bado inahitajika na mvua kubwa bado ni ya kuchomoa plagi. Kama intaneti yako tayari inaingia kwa faiba ya kampuni, njia ya paa haipo, na faida hii inapungua sana.

Ufungaji si mgumu, lakini una mitego. MC220L haiji na moduli. Unainunua kando, na moduli mbili lazima ziwe za aina moja. TL-SM311LS hutumia mwanga wa nanomita 1310 kwenye faiba ya singo modi, ambayo ganda lake kwa kawaida ni la njano. Ndugu yake TL-SM311LM hutumia nanomita 850 kwenye faiba ya malti modi, yenye kiini kinene zaidi. Ukichanganya, moja huku na nyingine kule, taa haitawaka. Ukiweka moduli ya malti modi kwenye faiba ya njano, mwanga mwingi unapotea kwenye kiini chembamba cha mikroni 9. Kwa umbali wa nyumba aina zote mbili zinatosha. Singo modi inapendelewa hapa kwa sababu kamba zake hupatikana kwa urahisi kwa mafundi wa intaneti. Usihofu kwamba moduli ya masafa marefu itaipofusha nyingine kwenye mita 10: hizi za kawaida zinavumilia. Za kilomita 40 au 80 ndizo zinazohitaji kupunguziwa mwanga, na hazina kazi sebuleni.

Omba kamba ya LC/UPC kwenda LC/UPC (UPC ni ncha isiyokatwa mshazari), dupleksi, yaani nyuzi mbili. Sukuma moduli mpaka isikike imefunga. Vifuniko vya vumbi vitoe mwisho kabisa, na usiguse ncha kwa kidole, kwani mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu mawasiliano. Ncha ikichafuka, isafishe kwa kalamu ya kusafishia LC, ya milimita 1.25, au kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili. Usichungulie ndani ya moduli. Mwanga wa 1310 hauonekani kwa jicho, kwa hiyo kutoona kitu hakumaanishi kwamba hakuna kitu. Taa ya faiba isipowaka, karibu kila mara sababu ni kwamba uzi unaotuma umekutana na tundu linalotuma: badilishana nyuzi mbili za upande mmoja tu. Na kona ziwe za upole. Kamba ya kawaida isikunjwe chini ya nusu kipenyo cha milimita 30. Inayopita chini ya mlango au nyuma ya kabati inunuliwe ya daraja la G.657, inayovumilia kona kali zaidi. Ukipitisha kati ya nyumba mbili, jihadhari na kebo za nje zenye waya wa chuma wa kuning'inizia: chuma hicho kikiingia ndani, umeirudisha njia ya radi uliyokuwa ukiikata.

Kasoro kubwa ya MC220L kwa kazi hii ni tundu lake la RJ45, ambalo ni la megabiti 1000 tu. Stirima nyingi za muziki, hasa za zamani, zina tundu la megabiti 100. Raspberry Pi 3 Model B iko hivyo; Pi 4 ina gigabiti kamili. Ukiunganisha kifaa cha 100 na konvata hii, taa ya shaba haiwaki na mtu anaanza kulaumu faiba, moduli, hata fundi. Angalia vipimo vya stirima yako kabla ya kulipa. Dawa iliyo safi zaidi ni kuweka upande wa stirima swichi ndogo yenye tundu la SFP, kama MikroTik CSS106-5G-1S, ambayo matundu yake ya shaba yanakubali 10, 100 na 1000. MikroTik ni jina linalojulikana kwa kila fundi wa intaneti Afrika Mashariki, kwa hiyo msaada haupo mbali. Kusema kweli, hata mwenye stirima ya gigabiti angefanya vizuri kufikiria mpangilio huu: konvata moja kwa rauta, swichi moja kwa muziki, na matundu yanayobaki yanatumikia diski ya mtandao au televisheni.

Mahali wengi wanapoharibu kazi yote ni mita ya mwisho. Konvata ya upande wa stirima ina adapta yake ya umeme, na kutoka hapo hadi stirima ni shaba tena. Adapta mbovu hapo inaleta kelele mpya baada ya faiba kukata ya zamani. Kwa hiyo kebo ya mwisho iwe UTP, si STP, nusu mita hivi. Adapta isichomekwe ekstensheni moja na amplifaya ikiwezekana. Na ukitaka kuboresha kitu kimoja tu, badilisha adapta hii kwa ile ya transfoma ya kawaida, yenye volti na ampea zilizoandikwa kwenye konvata yenyewe. Usikisie volti. Adapta ya upande wa rauta iache ilivyo, maana kelele zake haziwezi kuvuka kioo.

Dukani utaonyeshwa pia moduli ya SFP yenye tundu la RJ45, na kebo nene zilizokwisha kuungwa moduli pande zote. Vyote viwili ni shaba iliyovaa nguo za faiba na havikati chochote. Moduli za SFP+ za gigabiti 10 nazo ziache. Konvata hii ni ya gigabiti 1.

Baada ya kufunga, pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya kompyuta mbili kupitia njia hiyo. Takriban megabiti 940 kwa sekunde ni gigabiti iliyo nzima. Ukiona chini sana, au ping inapoteza pakiti, safisha ncha kabla ya kubadilisha kitu chochote.

Ushindani wa kweli wa seti hii ni Wi-Fi, na ni haki kusema hivyo. Redio haina shaba vilevile, inakata mvumo na radi ya mtandao bila kununua chochote. Kama stirima iko chumba kimoja na rauta na inashika masafa ya 5 GHz vizuri, anza na hiyo, usikilize wiki mbili. Muziki ukikatika jioni majirani wote wakiwa mtandaoni, au kuta za mawe zikameza mawimbi, hapo nunua faiba. Na kamba uinunue ndefu kuliko unavyohitaji kwa mita mbili au tatu, kwa sababu kuikata na kuiunga upya kunahitaji mashine ya fundi, ilhali ziada inakunjwa tu kwa duara pana nyuma ya kabati.