Kipanuzi cha kaakaa kwa binti yangu wa miaka 8: uzoefu wangu

Meno ya kudumu ya binti yangu yalianza kutoka yakakosa pa kukaa. Yale mawili ya pembeni, juu, yalichomoza nyuma ya wenzake, na chini yalipandana kabisa. Ndugu wakasema tusubiri, yatajipanga. Daktari wa kupanga meno hakukubali: picha ya eksirei ilionyesha chonge za kudumu zinakuja na njia hazina.

Akafungwa kipanuzi cha kaakaa, kile kinachogandishwa kwenye magego, chenye skrubu katikati. Kila jioni mimi ndiye niliyezungusha kwa kijifunguo kidogo, robo mzunguko, ambayo ni kama robo milimita. Mtoto hulalamika pua inambana kidogo, basi. Kinachofanyika ni kwamba nusu mbili za kaakaa zimeungana kwa mshono ambao utotoni bado ni laini, na skrubu inazisukuma zitengane polepole. Ukichelewa hadi ukubwani, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Wiki za mwanzo mate yalimchuruzika na "s" ikamshinda. Wali ulinasa juu ya kifaa kila mlo. Kilichotuokoa ni bomba la sindano lisilo na sindano: unarushia maji, chembe zinatoka.

Halafu mwanya ukatokea mbele, mpana hasa. Bibi yake alifurahi, urembo wa bure, akataka tuuache hivyo hivyo! Daktari alishatuambia utajifunga wenyewe, na kweli ulijifunga bila kuguswa. Kifaa kilibaki mdomoni miezi kadhaa baada ya skrubu kusimamishwa, ili mfupa mpya ujaze nafasi.

Taya la chini halina mshono wa kupanua, kwa hiyo kule ziling'olewa chonge za utoto, kwa ganzi. Hapo ndipo mtoto alipolia, na mimi nilitoka nje. Lakini meno ya mbele ya chini yamejisogeza vizuri kuliko nilivyotarajia.

Ninayoilalamikia ni kliniki. Walinitajia bei ya kifaa tu. Picha, kung'oa na kila marudio vikaja na risiti zake, na bima yetu haikugusa hata moja. Tena waya za meno bado zinamsubiri akifika miaka 12 au 13, jambo ambalo nililidokezwa tukiwa tumeshaanza. Kwa matokeo ningelipa tena. Ila wewe unayeanza, dai gharama za awamu zote mbili kwa maandishi kabla mtoto hajakaa kwenye kiti.