Kolibri kwenye shule ya kata: uzoefu wangu

Nafundisha hisabati Kidato cha Kwanza kwenye shule ya kata ambayo mtandao unashika ukitaka wenyewe. Kolibri, programu ya kujifunzia yenye video na mazoezi, ilinivutia kwa sababu ni ya bure na darasani haihitaji intaneti. Unapakua masomo penye mtandao au unayahamisha kwa flashi, kompyuta moja inakuwa seva, vifaa vingine vinaunganishwa kwa Wi-Fi. Hata kishikwambi changu, kimoja cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kinaifungua bila shida.

Utamu uko kwenye ripoti za mwalimu. Naona kila jaribio la mwanafunzi, majibu aliyokosea na vidokezo alivyoomba. Kwenye namba kamili niliona wengi wamejibu −3 − 5 kuwa ni 8. Hawakubahatisha hao! Wamekariri "hasi kwa hasi ni chanya" ya kuzidisha, wakaihamishia kwenye kutoa. Nilijua cha kufundisha kesho yake kabla sijagusa daftari hata moja.

Ila ripoti hiyohiyo inaweza kukupoteza. Vifaa vichache, watoto watatu wanabanana kwenye kimoja, na anayehesabiwa ni aliyeingia kwa jina lake. Pengine aliyekokotoa ni jirani yake. Wa tatu, mara nyingi binti aliyesukumwa pembeni, hana hata alama moja. Mthibiti ubora akisoma atadhani ni mtoro. Nimemfungulia kila mmoja akaunti, nikaruhusu waingie bila nywila, wanapokezana baada ya maswali machache. Inakula muda, na kipindi chenyewe dakika 40.

Halafu lugha. Menyu ipo kwa Kiswahili, lakini video nyingi za hisabati ninazotumia ni za Kiingereza cha Marekani, na mifano ya dola na senti. Waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza wanapeta. Waliosoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, ripoti inaonyesha wamekaa kwenye video muda mrefu na zoezi hawajaligusa. Usiuite muda huo bidii. Mimi husimamisha video, nikaeleza kwa Kiswahili, ndipo tunaendelea.

Naipa nyota nne. Ukiiweka kwenye kompyuta, chagua mada unazofundisha muhula huu tu. Ukipakua mkusanyiko mzima wa video utajaza diski na bando litakuishia njiani.