Glavu za kupunguza mtetemo: kiganja kimepimwa, vidole havikupimwa

Kama vazi la kazi, glavu hizi hazina kasoro kubwa. Mishono yake imekaza, ngozi ya kiganjani haitelezi hata ikilowa jasho, na mikono hubaki na joto, jambo lenye maana kwa sababu baridi ndiyo huamsha ile hali ya vidole kuwa vyeupe na kufa ganzi inayowapata watumiaji wa grenda na nyundo za upepo. Tatizo liko kwenye kijitabu kilichofungashwa nazo, kinachodai kwamba utafiti umethibitisha kuwa zinazuia maradhi hayo.

Maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho yanaonyesha kwamba utafiti wenyewe uligharimiwa na mtengenezaji, na mmoja wa walioufanya ni mwajiriwa wake. Fedha hizo peke yake hazifanyi vipimo kuwa vya uongo, lakini anayelipa ndiye huchagua kitakachopimwa, na hapa chaguo hilo liko wazi. Kipimo kilichotumika ni cha ISO 10819, kiwango cha kimataifa cha kupima glavu za aina hii, ambacho huangalia mtetemo unaofika kiganjani huku mpimwaji akishika mpini wa maabara kwa nguvu ya nyutoni 30 na kuusukuma kwa nyutoni 50. Ili glavu ifaulu, inatosha ipunguze mtetemo wa mara 25 hadi 200 kwa sekunde kwa asilimia 10 tu, na ule wa kasi zaidi kwa asilimia 40. Weupe huanzia kwenye ncha za vidole, na kuhusu vidole kijitabu kimenyamaza kabisa. Hakisemi pia kwamba mtetemo wa polepole hupita karibu wote, wala kwamba unene wa jeli iliyowekwa ndani ya glavu humlazimisha fundi kukaza mkono, na mkono uliokazwa hupokea mtetemo zaidi.

Daktari Alice Hamilton, aliyechunguza maradhi hayohayo kwa wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo huko Bedford, Indiana, nchini Marekani, na kutoa taarifa yake mwaka 1918, aliifanya kazi hiyo kwa ajili ya serikali na hakuwa na bidhaa ya kuuza. Alitazama vidole vya wafanyakazi wenyewe, tena wakati wa baridi. Watafiti waliorudi huko miaka ipatayo 60 baadaye walikuta tatizo lingalipo.

Agizo la Ulaya la 2002/44/EC humtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa siku ya saa 8 unapozidi mita 2.5 kwa sekunde mraba, na huweka ukomo kwenye 5. Kijitabu hiki hakimpi msingi wowote wa kupunguza hesabu hiyo eti kwa kuwa mikono imevikwa glavu, na mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza huonya kwamba zisitegemewe.

Nazipa nyota mbili, zote kwa ajili ya joto na kinga dhidi ya mikwaruzo. Msimamizi anayetaka kurefusha zamu za grenda kwa kutegemea kijitabu hiki aombwe kwanza taarifa kamili ya utafiti, yenye vipimo vya vidoleni vilivyochukuliwa kwenye mashine ileile inayotumika kazini.