Kuanzisha na Kukata Simu: ISDN na SIP

Katika ISDN, yaani mtandao wa simu wa kidijitali, ujumbe wa kuongoza simu husafiri kwenye chaneli D, kando kabisa na chaneli B inayobeba sauti, kwa utaratibu uliowekwa katika kiwango cha Q.931. Simu ya mpigaji hutuma SETUP yenye namba inayopigiwa na aina ya huduma inayoombwa; mtandao hujibu kwa CALL PROCEEDING na kutaja chaneli B itakayotumika, kisha ALERTING hurudi simu ya upande wa pili inapoanza kuita, na CONNECT inapopokelewa. SIP, utaratibu wa kuongoza simu zinazopita kwenye intaneti, hufuata mwendo unaofanana na huo kwa INVITE (mwaliko), 180 (inaita), 200 (imekubaliwa) na ACK (uthibitisho), ila ujumbe wake ni maandishi yanayosomeka kwa macho, ilhali wa ISDN ni baiti, yaani namba zinazosomwa na mashine: ya kwanza ni 08, na baada ya namba ya kutambulisha simu hufuata 05, yaani SETUP.

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye kukata. SIP hutosheka na BYE na jibu la 200. ISDN hupitia DISCONNECT, RELEASE na RELEASE COMPLETE, kwa kuwa chaneli B ni chache, mbili tu kwenye laini ya kawaida ya ISDN ya nyumbani, na haifai kupewa simu nyingine kabla pande zote mbili hazijakubaliana kwamba iko huru. DISCONNECT hubeba pia sababu: 16 ni simu iliyokatwa kwa kawaida, na fundi anayetafuta hitilafu afadhali aanzie hapo.