Beringi za trela: uzoefu wangu wa misimu mitatu na ekseli za E-Z Lube

Nina trela ya kulala hapa Texas, ya mtumba, ekseli mbili za Dexter za paundi 3,500 kila moja, zile za E-Z Lube, yaani unaweza kupiga grisi bila kufungua habu (kile kitovu tairi linapofungiwa). Kitabu chake kinasema beringi, zile pete zenye rola zinazofanya tairi lizunguke laini, zifunguliwe kila miezi 12 au maili 12,000, chochote kitakachotangulia. Kiukweli mwanzoni niliona ni kula hela za watu tu, mbona gari yangu imeshapita maili laki na sijawahi kugusa beringi hata siku moja?

Kumbe nilikuwa nalinganisha vitu viwili tofauti. Beringi za magari mengi ya siku hizi zimefungwa kiwandani, zikifa unang'oa habu nzima unaweka nyingine, ila za trela kama yangu ni mbili kwa kila tairi, zimelala kwenye grisi na nyuma kuna sili moja tu, ile pete ya kuzuia grisi isitoke, ikichoka hiyo maji na vumbi vinaingia kama kwao. Halafu trela inapaki uani miezi sita haijasogea, unyevu unatulia palepale kwenye rola, kutu inaanza taratibu na wewe unajisifu haijatembea.

Msimu wa kwanza nikaona raha, kwa sababu E-Z Lube ina sehemu ya kupigia grisi pale mbele, unatoa kizibo cha mpira, unachomeka bomba, grisi inapita ndani ya ekseli inatokea beringi ya nyuma halafu inarudi mbele kusukuma ile ya zamani itoke. Nikapiga grisi kama najaza ndoo, haraka haraka, tairi wala sikulizungusha. Kosa langu hilo, si la ekseli, maana unatakiwa upampu polepole huku tairi linazunguka.

Tukatoka Houston kwenda hifadhi ya Big Bend. Mbele huko kwenye barabara kuu ya I-10 nikaanza kuona trela ikishikwa breki inavuta upande mmoja, nikasema labda upepo. Tulivyorudi nikafungua drami (ile ngoma ya breki) ya nyuma kushoto, jamani, breki shuu, zile zinazobana drami kwa ndani, zimelowa grisi chapachapa, sumaku ya breki nayo haionekani, sili ilishaachia. Na beringi yenyewe ya ndani ilikuwa na rangi ya bluu bluu kwenye rola, yaani ilishachemka. Shuu zikilowa hivyo usidanganyike kuziosha, nilinunua seti mpya.

Msimu wa pili nikapeleka gereji, wakanitoza ya tairi nne, nikaja kufungua mwenyewe nikakuta mbili hazijaguswa, kota pini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, ni ileile yenye kutu. Tangu hapo nafanya mwenyewe, Jumamosi moja inatosha.

Naosha beringi mpaka zing'ae, naangalia kama zina vidonda, naangalia na ile bakuli yake ndani ya habu, yaani pete ambayo rola zinazungukia, kisha naminya grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa rola. Sili mpya kila mara, hazina bei hizo. Nati ya ekseli nakaza huku nazungusha drami mpaka futi-paundi 50 ili beringi zikae, nalegeza bila kuzungusha, halafu nakaza kwa vidole tu, kota pini mpya. Wengi wanaharibia hapo, wanaacha imekazwa kama nati za tairi. Na usichanganye grisi za aina tofauti, futa ya zamani yote.

Ekseli naipa nyota 4 kati ya 5. Ile sehemu ya kupigia grisi siitumii tena, labda kama nimeivusha trela kwenye maji nikiwa mbali na nyumbani.

Siku hizi tukisimama kuweka mafuta nashuka na kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, napima habu zote nne, moja ikizidi wenzake sana sitoki hapo. Mke wangu ananiita daktari wa matairi. Safari ya juzi zilipishana nyuzi tano tu.